CHUO CHA BAGHDAD, SAA YA MAJI NA SWALI LA MIRATHI



Ndugu yangu msomaji, baada ya kumshukuru Allah na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad ﷺ, leo nakuomba ukae kitako. Darsa ni ndefu kidogo, na mwisho wake nina jambo langu mwenyewe la kukiri mbele yako.

Majuzi baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinishika mkono tukatoka pamoja hadi barazani. Binti yake amemaliza kidato cha sita, hesabu amefaulu vizuri, na amepata nafasi ya chuo. Shida ni kwamba anataka kusoma sharia na uhasibu kwa pamoja. Baba hataki. Akaniambia, "Sheikh, wewe anakusikiliza. Mwambie achague moja. Kama ni dini, asome dini. Kama ni dunia, asome dunia. Mshika mawili moja humponyoka."

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia anipe muda kidogo. Darsa hii ndiyo jibu lake, na kwa kuwa najua wazazi wenye swali kama lake ni wengi, nimeona niliandike hapa.

TUANZE BAGHDAD

Twende mpaka mwaka 1227. Khalifa wa Bani Abbas wakati huo ni al-Mustansir. Pembeni mwa mto Tigris, katikati ya mji wa Baghdad, anaanza kujenga chuo. Kilipokamilika, mwaka 631 Hijria, kikaitwa kwa jina lake: al-Mustansiriyya. Jengo hilo lipo mpaka leo, ukifika Baghdad utaliona.

Kabla yake Baghdad ilikuwa tayari na chuo mashuhuri, an-Nidhamiyya, kilichofunguliwa mwaka 1067 na waziri Nidham al-Mulk. Lakini kile kilikuwa chuo cha madhehebu moja, ya Shafi. Al-Mustansir alifanya jambo jipya. Aliyaweka madhehebu yote manne chini ya paa moja: Hanafi, Maliki, Shafi na Hanbali, kila moja wanafunzi 62. Piga hesabu, ni wanafunzi 248 wa fiqhi. Akaongeza nyumba ya Qur'an kwa watoto mayatima na nyumba ya hadithi. Akaweka daktari, naye akapewa wanafunzi wa tiba wa kuwafundisha na wagonjwa wa pale chuoni wa kuwatibu. Kulikuwa na maktaba, jiko na hamamu. Mwanafunzi alipewa mkate na nyama, akapewa karatasi na kalamu, akapewa na posho ya fedha. Yote hayo yalilipwa kwa wakfu.

Zingatia kitu kimoja zaidi. Kwenye lango la chuo iliwekwa saa ya maji iliyoonyesha nyakati za swala. Fundi wake alikuwa mtu wa saa, na kwa kazi hiyo akaitwa as-Sa'ati. Huyu fundi alikuwa na mwana. Mwana akakulia hapo, akasoma, akawa miongoni mwa wanachuoni wakubwa wa fiqhi ya Hanafi, akasomesha katika chuo kilekile ambacho baba yake aliweka saa mlangoni. Ndiye Ibn as-Sa'ati, mwenye kitabu cha fiqhi kiitwacho Majma' al-Bahrayn, yaani Makutano ya Bahari Mbili. Mtoto wa fundi saa! Hakuna aliyemwambia kwamba saa ni dunia na fiqhi ni dini, basi achague.

Sasa unaweza kuniuliza: Sheikh, kwani kuweka mafundi, madaktari na mafakihi katika jengo moja ndiyo kuchanganya elimu? Swali zuri. Ukiweka mchele na nazi jikoni, hujapika wali wa nazi. Mpaka uwashe moto. Basi tuutafute huo moto ulikuwa nini.

MOTO WA KWANZA: MIRATHI

Rudi nyuma miaka mia nne hivi, Baghdad hiyohiyo, zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Kuna mtu anaitwa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Mwanao anayesoma aljebra shuleni na kuilalamikia, mwambie jina la somo lile limetoka katika jina la kitabu cha mtu huyu, kwenye neno la Kiarabu al-jabr. Na neno algoriti, ambalo vijana wa kompyuta wanalitamka kila siku, limetokana na jina lake mwenyewe.

Lakini hili huenda hukuambiwa shuleni: karibu nusu ya kitabu kile inahusu wasia na mirathi. Al-Khwarizmi alieleza wazi kwamba aliwaandikia watu hesabu watakazohitaji katika urithi, kugawana mali, mashtaka, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Hakukaa akiwaza namba kwa ajili ya namba. Watu walikuwa wanafiwa, mafungu yametajwa katika Suratun Nisaa, na familia zinasubiri haki yao.

Chukua mfano, na ukipenda chukua karatasi.

Mwanamke amefariki. Hana watoto wala wazazi. Ameacha mume na dada zake wawili wa baba mmoja mama mmoja. Fungu la mume, kwa kuwa hakuna mtoto, ni nusu. Fungu la dada wawili ni theluthi mbili. Sasa jumlisha nusu na theluthi mbili. Utapata sita ya saba? Hapana, umegeuza. Utapata saba ya sita: sehemu sita ndiyo mali yote, na wewe unadaiwa sehemu saba. Mali haitoshi mafungu!

Hapo mtu wa hesabu peke yake amekwama. Hesabu yake ni sahihi, lakini inamwambia tu kwamba haiwezekani. Mtu wa fiqhi peke yake naye amekwama, kwa sababu mafungu yote mawili yana dalili na hana la kufuta. Suala la namna hii lilimfikia Sayyidna Umar bin al-Khattab, Allah amridhie. Akawashauri masahaba, na uamuzi ukawa kwamba upungufu wabebe wote, kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Ibn Abbas alikuwa na rai nyingine, lakini madhehebu manne yakafuata uamuzi wa Umar. Wanachuoni wakauita 'awl. Unaacha kugawa kwa sita, unagawa kwa saba: mume sehemu tatu, dada wawili sehemu nne. Kama mali ni shilingi milioni 7, mume anapata milioni 3, na kila dada milioni 2.

Umeona kilichotokea? Uamuzi kwamba upungufu ubebwe na wote, huo ni fiqhi. Njia ya kuubeba bila mtu kudhulumiwa hata shilingi moja, hiyo ni hesabu. Ukiondoa mmoja, mwenye haki anakosa haki. Hii ndiyo maana mwanafunzi wa fiqhi wa zamani hakuhesabiwa kuwa amekamilika mpaka ajue mafungu na kuyapigia hesabu.

MOTO WA PILI: WAKATI WA SWALA

Sasa twende Damascus, karne ya 14. Katika Msikiti wa Umawi kuna mtu kazi yake ni muwaqqit, yaani mtunza nyakati za swala. Jina lake ni Ibn ash-Shatir. Alifiwa na baba akiwa mdogo, akalelewa na babu yake, akajifunza ufundi wa kunakshi kwa pembe za ndovu. Kisha akasoma hesabu na falaki. Mikono ya fundi, akili ya hesabu, na amana ya msikiti, vyote katika mtu mmoja.

Kazi yake ilitaka nini? Fikiria Alasiri tu. Fiqhi ndiyo inayokwambia Alasiri inaingia lini: kwetu sisi Mashafi, kivuli cha kitu kinapofikia urefu wake, ukiondoa kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa juu kabisa. Kwa Abu Hanifa ni mara mbili ya urefu. Lakini kile kivuli cha adhuhuri hakikai sawa. Hapa Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na siku hizo adhuhuri kivuli kinatoweka chini ya miguu. Miezi mingine kinaelekea kusini, mingine kaskazini. Damascus jua halifiki utosini hata siku moja. Kwa hiyo muadhini anahitaji mtu anayejua fiqhi imesema nini na mbingu zimefanya nini, yote mawili kwa siku moja.

Mwaka 1371 Ibn ash-Shatir alitengeneza saa ya jua ya marumaru, urefu wake karibu mita mbili, ikawekwa kwenye mnara wa Msikiti wa Umawi. Na katika kutafuta mahesabu ya mwezi na sayari yanayolingana na anachokiona kwa macho, akaacha sehemu ya mahesabu ya Wayunani aliyoyarithi akatunga yake. Dunia aliiacha katikati, kama walivyoamini watu wa zama zake. Lakini mwaka 1957 mtafiti mmoja alichapisha makala akionyesha kwamba kanuni ya Ibn ash-Shatir ya mwendo wa mwezi ni ileile, kihesabu, iliyokuja kuonekana katika kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543. Subhanallah! Mtunza nyakati wa msikiti, ambaye mshahara wake ulikuwa ni kumwambia muadhini, "Sasa."

MOTO WA TATU: MGONJWA

Wa tatu ni Ibn an-Nafis. Alizaliwa mwaka 1213 upande wa Damascus, akafia Cairo mwaka 1288. Alikuwa daktari mkubwa wa Misri, na wakati huohuo alikuwa faqihi wa madhehebu ya Shafi, madhehebu yetu watu wa mwambao, akiifundisha fiqhi hiyo katika chuo cha al-Masruriyya pale Cairo. Waandishi wa tabaka za wanachuoni wa Shafi wamemtaja miongoni mwao.

Tangu zama za Galen, mganga wa Kiyunani, watu waliamini kwamba damu inapenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu katika ukuta wa kati. Ibn Sina naye alilipokea hilo. Ibn an-Nafis akaandika sharhe ya mambo ya mwili katika kitabu cha Ibn Sina, na humo akasema ukuta ule ni mzito, hauna vitundu, na damu haina njia ila ipite mapafuni kisha irudi upande wa kushoto. Huo ndio mzunguko wa damu wa mapafu. Alipoandika hivyo ilikuwa mwaka 1242. William Harvey wa Uingereza alichapisha kitabu chake cha mzunguko wa damu mwaka 1628.

Mimi naona, na hii ni rai yangu, kwamba mtu aliyezoea darsa za fiqhi na hadithi, ambako kila kauli inaulizwa nani kasema na dalili yake ni ipi, si rahisi kumeza kauli ya Galen kwa sababu tu ni ya Galen.

Lakini ujue pia uchungu wa habari hii. Maneno yale ya Ibn an-Nafis yalisahaulika. Ilikuwa mwaka 1924 ndipo daktari kijana wa Kimisri, at-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipoyakuta katika muswada uliokuwa Berlin. Zaidi ya miaka mia sita! Sisi tuliobaki na vitabu vyake vya tiba hatukuvifungua, kwa sababu wakati huo tulikwishajenga ukuta.

UKUTA ULIJENGWA NA NANI?

Tuseme kweli. Wengine watakwambia ukuta kati ya elimu ya dini na elimu ya dunia uliletwa na mkoloni tu. Mkoloni alichangia, nitakuja huko. Lakini nyufa zilianza ndani ya nyumba yetu.

Imam al-Ghazali alipewa kiti cha kusomesha pale an-Nidhamiyya mwaka 1091. Katika Ihya, kwenye kitabu cha elimu, anawalaumu watu wa zama zake: mji mzima hauna daktari ila asiyekuwa Muislamu, halafu wanafunzi wanasongamana kwenye fiqhi na mijadala, kwa kuwa huko ndiko kuna vyeo, ukadhi na usimamizi wa mali za wakfu. Naye ameihesabu tiba na hesabu kuwa ni faradhi kifaya. Ikikosekana katika mji, dhambi ni ya mji mzima. Ameingiza humo hata kilimo, ufumaji na ushonaji. Maneno hayo ni ya zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, kabla mkoloni hajakanyaga pwani yetu.

Na hata katika zama zile za fahari, sehemu kubwa ya falaki, tiba na hesabu ilisomwa nje ya madrasa: hospitalini, majumbani, kwenye minara. Wengi waliokusanya fani walikusanya kwa juhudi zao. Ndiyo maana al-Mustansiriyya ni wa kukumbukwa: pale ulikuwa ni mpango wa chuo kizima, na wakfu ukaulipia.

NA SISI HUKU MWAMBAO?

Ndugu yangu, sikiliza neno letu wenyewe: chuo. Bibi zetu wakisema mtoto kaenda chuoni, walikuwa na maana ya madrasa ya Qur'an. Katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu pia. Msomi wa dini tukamwita mwanachuoni. Na leo kijana akisoma udaktari au uhandisi, tunasema yuko chuo. Neno ni lilelile. Lugha yetu haikuvitenga, sisi wasemaji ndio tuliovitenga.

Zama za ukoloni zilipoleta shule ambazo nyingi zilikuwa za misheni, wazee wetu waliogopa kwa ajili ya imani za watoto wao, na hofu yao ilikuwa na sababu. Matokeo yake mtoto akawa na njia mbili zisizokutana: asubuhi anasoma hesabu kwa mwalimu asiyejua dini yake, jioni anasoma dini kwa mwalimu asiyejua hesabu zake. Walikuwepo waliolipinga hilo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alitoa magazeti ya Sahifa na al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwahimiza Waislamu washike dini yao na wasiikimbie elimu ya zama zao. Mwanafunzi wa njia hiyo, Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, alikuwa mwalimu wa shule, mwandishi wa historia, mshairi, mfasiri wa Qur'an kwa Kiswahili, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya.

Baadaye vyuo vyenyewe vikaanza kubomoa ukuta. Mwaka 1961 sheria ya Misri iliongeza katika al-Azhar tiba, uhandisi na kilimo. Mwaka 1988 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda pale Mbale. Hapa kwetu pia kijana anaweza leo kupata shahada yenye sharia na sheria za nchi ndani yake. Alhamdulillah. Lakini kumbuka mchele na nazi. Jengo moja halitoshi, hata cheti kimoja hakitoshi.

JAMBO LANGU LA KUKIRI

Sasa nirudi kwa yule mzee, maana nilikuahidi.

Miaka sita iliyopita ndugu yake alifariki. Aliacha mke, mama na watoto, na duka la vifaa vya ujenzi. Familia ikamwita sheikh awagawie. Sheikh akaandika karatasi safi kabisa: mke thumni, mama sudusi, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Hakuna kosa hata moja katika mafungu yale.

Kosa lilikuwa katika swali ambalo sheikh hakuliuliza: thumni ya nini? Mjane yule alikuwa ametia fedha zake mwenyewe katika duka, za biashara yake ya vitenge, mwaka baada ya mwaka. Fedha ile haikuwa mirathi hata kidogo. Ilikuwa mali yake, ilitakiwa itoke kwanza, kama yanavyotoka madeni, ndipo thumni na sudusi zipigwe. Ilikuwemo katika daftari za duka, kwa anayejua kuzisoma. Sheikh hakujua kuzisoma, na mhasibu aliyeitwa baadaye alijua kuzisoma lakini hakujua kwamba jambo lile linabadilisha hukumu. Duka likagawiwa lote kama mali ya marehemu. Mjane akalia, akanyamaza. Mpaka leo pande mbili za familia ile hawaamkiani.

Aliyeandika karatasi ile ni mimi.

Nimekwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Baadhi ya haki yake tunaendelea kuifuatilia, mwombee Allah airejeshe. Lakini siku ile barazani, mzee anaponiambia nimwambie binti yake achague moja, na binti huyo ni mtoto wa kaka wa marehemu, aliyemwona mke wa baba yake mdogo akitoka na fungu moja la nane la kitu ambacho sehemu yake kilikuwa chake tayari... ningemwambia nini?

Nilimwita binti nikamuuliza, "Kwa nini haya mawili?" Hakunijibu kwa maneno ya vyeo. Alisema anataka ajue kulisoma daftari na kuisoma aya, ili lisitokee tena.

Basi huo ndio moto, ndugu yangu. Al-Khwarizmi alikuwa nao, Ibn ash-Shatir alikuwa nao, Ibn an-Nafis alikuwa nao. Wale hawakukusanya fani ili waitwe wenye fani nyingi. Walikuwa na haki ya mtu au amana ya Mola mbele yao, wakakuta elimu moja haifiki, wakaenda kuitafuta ya pili.

TUNACHUKUA NINI?

Wewe kijana: kabla hujauliza usome fani gani mbili, uliza ni jambo gani unataka kulitengeneza. Ukilijua, lenyewe litakwambia fani zake. Usipolijua, hata fani tano zitakuponyoka, na hapo methali itakuwa imesema kweli. Na katika hizo mbili, moja ishike mpaka mzizini. Ibn an-Nafis alikuwa daktari kwelikweli na faqihi kwelikweli. Kugusagusa huku na huku kunatoa mtu wa kuongea tu.

Wewe mzazi: methali ya mshika mawili ni ya mtu anayefukuza ndege wawili wanaoruka pande mbili. Anayeshika makasia mawili ya mtumbwi mmoja, ukimnyang'anya moja utamzungusha palepale.

Na sisi masheikh, nikianza na nafsi yangu: tukiitwa kwenye mirathi, tumwite na mhasibu akae kando yetu, tuulize kabla ya kuandika. Kusema "hili silijui" hakupunguzi kilemba.

Nimalize kwa kisa alichokisimulia Yaqut al-Hamawi. Al-Biruni, bingwa wa falaki aliyezaliwa mwaka 973, aliyejifunza Kisanskriti ili awafahamu watu wa India, aliyepima ukubwa wa dunia akiwa juu ya mlima, alikuwa kitandani anakata roho. Akaja faqihi mmoja kumzuru. Al-Biruni, pumzi zikimpanda na kushuka, akamuuliza suala walilowahi kulizungumza: urithi wa bibi wa upande wa mama. Faqihi akamwonea huruma, akashangaa mtu anauliza haya katika hali ile. Al-Biruni akamjibu kwamba bora aiage dunia akiwa analijua suala hilo kuliko kuiaga hali hajui. Faqihi akamweleza, naye akalirudia mpaka akalihifadhi. Faqihi akatoka. Akiwa bado njiani, akasikia vilio kutoka nyumba ile.

Mtu aliyeipima dunia nzima, swali lake la mwisho lilikuwa ni haki ya bibi kizee.

Yule binti anaanza chuo muhula ujao, masomo yake yote mawili. Baba ameridhia, na mimi nimeahidi kwamba akija likizo nitakaa naye na daftari, anifundishe.

Ewe Mola, tuzidishie elimu yenye manufaa, na utusamehe tuliyoyaharibu kwa kutojua. Amin. Mpelekee na mwenzako mwenye mtoto anayechagua chuo mwaka huu.

Wabillahi tawfiq.